Bakteria Bilioni Hamsini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimepoteza tumbo langu. Lilipotea Jumapili ya tarehe mosi, nilipomaliza dozi ya antibiotiki ya jino. Tangu hapo ni chooni na kurudi. Na Jumamosi wakwe wanatoka Idete kuzungumza mahari ya Leticia wangu! Baba anayenyanyuka ovyo, mahari itapangwa yeye akiwa chooni.

Faustin wa duka la dawa ana vidonge vya bakteria hai, wale wazuri. Vya bilioni tano na vya bilioni hamsini. Eti nisitazame wingi tu, nitazame ni aina gani, wanafaa kwa tatizo lipi, na kama wangali hai. Nimenunua mpunga miaka ishirini. Mtu akikwambia usitazame mzani, tazama mzani! Nimechukua vya bilioni hamsini.

Jumanne, 10 Juni
Kidonge kimoja kwa siku? Ubahili huo. Kiumbe hai huzaa, nitawafuga mwenyewe. Nimenunua maziwa kwa Mama Obed, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe. Nikachemsha, nikapasua kidonge, nikamwaga. Mke wangu Brigitha akauliza taratibu, Baba Leticia, si ulisema wako hai? Maziwa bado yanatokota. Bilioni hamsini! Hata matanga hakuna.

Jumatano, 11 Juni
Mara hii maziwa vuguvugu, na vidonge vyote vilivyobaki. Nimeyafunika kwa blanketi la Leticia. Kalalamika baridi. Nimemwambia ni kwa ajili ya ndoa yake.

Alhamisi, 12 Juni
Yameganda! Yamechachuka! Mimi mvumbuzi! Nikamwita Mama Obed nimuuzie ujuzi. Kaonja, kacheka mpaka kakalia ndoo. Eti jirani, huu si mtindi? Tena mwepesi! Na kila asubuhi napita nao mlangoni kwako, unanifukuza. Kaniachia dumu zima la mtindi wake bure, kwa heshima ya binti. Nimeanza kuunywa kwa hasira. Wangu hata paka aliunusa akaondoka.

Jumamosi, 14 Juni
Wakwe wamekaa tangu saa nane hadi magharibi. Mimi nimetulia kama gunia la mchele. Baba mkwe wa Leticia ndiye aliyetoka mara mbili! Tumeafikiana vizuri. Leticia kaning'ang'ania shingoni, analia, nami vumbi likaniingia machoni.

Brigitha anadai ni mtindi wa Mama Obed. Wanawake hawa! Ni vidonge. Kweli sijameza hata kimoja, vyote viliishia sufuriani. Lakini vilikuwemo nyumbani, tumbo likaogopa.

Nimemtumia Faustin ujumbe: nataka katoni kumi na uwakala wa hapa kwetu Kibaoni nzima. Asinizungushe na habari za aina. Ndiyo au hapana, kabla ya saa nne asubuhi Jumatatu!