Banjo la Mwadini

Jumapili, 6 Julai 2003
Bendi ya Deepak, mwenye duka la dawa hapa Hounslow, London, haina mpiga banjo! Aliyekuwapo kahamia Kanada. Wanapiga nyimbo za milimani Marekani, bluegrass wanaziita. Deepak fidla, Rasik gitaa, Euphrasie wa Lubumbashi anaimba. Na banjo la marehemu mume wangu liko juu ya kabati, mwezi wa tisa sasa. Mwadini alilipigia taarab miaka thelathini. Akikaza nyuzi, alikuwa akitoa ncha ya ulimi. Lazima lilie tena mbele ya watu. Nimemwambia Deepak ninalo banjo na mpigaji ninaye, shemeji yangu Matar. Matar hajaulizwa.

Jumanne, 8 Julai
Nimempikia Matar pweza wa nazi. Kala, kasema muziki wa wachunga ng'ombe hautaki, na banjo la ndugu yake atalitundika ukutani kwake Kenton. Litundikwe kama picha! Tumepatana: apige Jumamosi, bendi itakapotumbuiza bustanini. Bendi ikimtaka, libaki kwenye bendi. Ikimkataa, alichukue.

Ijumaa, 11 Julai
Mazoezi. Matar alianza na utangulizi, taratibu, kama taarab. Wenzake wakamaliza wimbo, yeye bado anatangulia. Euphrasie akamwambia: Mzee, sisi tumeshafika, wewe ungali unafunga mizigo. Nikabuni dawa. Nitakaa mbele na kanga. Nikiinyanyua, apige. Nikiishusha, anyamaze.

Jumamosi, 12 Julai
Bustanini, watu tele. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri kabisa! Banjo lililia kama Mwadini yu hai. Wa tatu ukanipanda kichwani. Nikainuka kumtuza Matar, kama inavyopasa, noti mkononi, nikicheza na kanga hewani. Juu, chini. Juu, chini. Matar maskini akapiga, akanyamaza, akapiga, akanyamaza. Nikambandika noti kwenye paji la uso. Ikamtelezea machoni. Rasik akacheka hadi akaacha gitaa. Deepak akaniambia kwa upole: Anti Time, tutatafuta mwingine. Matar akalitia banjo garini, akaniambia nimemfanya mwanasesere. Nililia ndani ya basi hadi nyumbani.

Jumapili, 13 Julai
Nusra, mke wa Matar, kapiga simu kulalamika. Banjo halijatundikwa. Mumewe kajifungia bafuni nalo tangu asubuhi, anapiga mbiombio, anasema yule Mkongomani atamtambua. Alhamdulillahi! Harusi ya binti yao Najla ni mwezi ujao. Nimeshampigia mama wa bwana harusi, nimemwahidi bendi ya milimani, banjo mbele. Kafurahi. Kesho nitaiarifu bendi. Matar, keshokutwa. Najla mwenyewe nitamtafutia siku.