Neno Sori Lirudishwe Walikale

Burungu, tarehe 14 Mei 1968

Kwa Bwana Administrateur wa Teritwari ya Masisi,
ofisini kwake.

Bwana Administrateur,

Kwa heshima yote na kofia mukononi, mimi Sebarenzi Léonard, kapita wa mulima wa Burungu na mwenye kutangaza maneno ya Serikali kwa sauti, ninakuandikia juu ya neno moja. Si neno la matusi. Ni neno la Korea. Korea iko inchi ya mbali sana, kule jua linatokea, na sisi hatujagombana nayo hata siku moja, njo maana ninashangaa imetuanza.

Neno lenyewe ni «sori». Maana yake sauti. Lilifika ndani ya kinywa cha Masela Lusia, mutawa wa Korea na muzalishaji, ambaye mapadri walimutoa Walikale wakamuleta kwa maternité yetu, nyumba ya kuzalishia, mwaka jana, wakati wa mavuno ya maharagi. Alikuja na musaidizi wake, Mama Godelieve, mama wa pori la Walikale, ambaye anacheka kuliko inavyofaa. Masela iko na katarumbeta ka muti. Anaweka upande mumoja kwenye tumbo la mama mwenye mimba, upande mwingine kwenye sikio lake, anafunga macho, na akisikia roho ya mutoto inagonga, anasema: «Sori!» Kwa nini hasemi «sauti»? Kiswahili anakijua. Anakijua mpaka anaweza kugombana na muntu juu ya kabichi. Godelieve anasema kwamba furaha ikimukamata muntu anarudi kwa lugha ya mama yake.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyatia namba ili karani wako asiyachanganye.

1. Neno limeingia bila ruhusa. Kila kitu kinachoingia Masisi kinapita kwa ofisi yako. Ng'ombe wanachanjwa, hata muhubiri mugeni anaonyesha karatasi. Sori haikuonyesha kitu. Ilitoka maternité pamoja na ba mama na watoto wao mugongoni, ikashuka mpaka soko la Kitchanga. Sasa mvua ikipiga mabati, ba mama wanasema ni sori. Kuku akilia, sori. Padri akianza kuimba misa, wale wa mustari wa nyuma wanaangaliana: sori. Zamani ngoma ilikuwa na neno lake, ng'ombe na lake, radi na lake, na kila neno lilikuwa na kazi. Leo neno moja linafanya kazi za maneno yote, na yale mengine yanakaa bure kama vijana wa centre kule mujini.

2. Neno halikuja peke yake, lilileta jamaa. Godelieve njo mwalimu. Ba mama wakingoja zamu yao anawafundisha, na hakuna aliyemupa diploma. Kuna «jansori», ni sauti ndogondogo, maana yake kumusumbua muntu na maneno yale yale kila siku. Niliposikia nilifurahi. Nikasema, hawa watu wa Korea wanaijua ndoa! Nikaenda mbio kumwambia bibi yangu Vestine kwamba kile anachonifanyia kila asubuhi kimepata jina. Kumbe Vestine alikuwa amejifunza mbele yangu, alikuwa akingoja tu. Nilimukumbusha kufunga kuku: jansori. Nilimukataza kunyanyua mutungi kwa hali yake: jansori. Nilimuuliza kama amekula: jansori. Sasa muntu atakuwa kichwa cha nyumba namna gani, Bwana Administrateur?

3. Kazi yangu. Unajua kwamba huku simu haiko. Barua yako ikifika, ninapanda kwenye jiwe juu ya shamba langu, ninaweka mikono kinywani, ninaita ng'ambo ya bonde. Kule muzee Hakorimana anapokea, anaitia mulima unaofuata, na ule mulima unaitia mwingine. Kwa njia hiyo amri yako inafika Mweso kabla karani wako hajamaliza chai. Kazi hii ninaifanya tangu wakati wa Wabelgiji, na koo yangu haijaomba congé ya kupumzika. Basi, mwezi uliopita nilitangaza kazi ya barabara, kila mwanaume na jembe lake. Ng'ambo nikasikia ba mama wanaitikia pamoja: «Kunsori!» Najua maana yake: sauti kubwa. Nikawashukuru kwa mukono. Muzee Hakorimana njo alinieleza kesho yake, akishika mbavu kwa kicheko, kwamba kunsori ni pia majivuno ya muntu anayepiga makelele na nyuma yake hamuna kitu. Mbele ya mulima muzima! Na mimi nilishukuru kwa mukono!

4. Hapa ninaomba ukae chini kwanza.

Kwetu, vigelegele vya ba mama kwa mulango wa uzazi vina maana moja tu, toka wakati wa ba babu zetu: mutoto amezaliwa, na iko muzima. Mwanaume haingii kule. Anakaa inje, anasikiliza. Akisikia vigelegele, anasimama. Asiposikia, anabaki amekaa, na hakuna anayekuja kumuambia kitu, juu amekwisha kuelewa. Mimi nilikaa hivyo mara mbili. Mara zote mbili nilichimba mwenyewe, nyuma ya migomba. Siandiki hayo ili unihurumie. Ninaandika juu karani atauliza.

Wiki iliyopita, Jumanne, Vestine alikwenda kwa Masela kupimwa. Mimba yake iko na miezi sita. Mimi nilikuwa ninapalilia maharagi chini ya dirisha la maternité, kwa bahati tu, si kwa kuvizia. Masela aliweka katarumbeta, akasema neno lake. Na hapo Godelieve, kwa desturi ambayo amevumbua yeye mwenyewe, akapiga vigelegele! Ba mama wote wakamufuata! Vigelegele vya mutoto aliye tumboni! Kwao, kumbe, mutoto akisikika tu amekwisha kufika.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kazi ambayo Serikali ilinipa. Nilitupa jembe, nikakimbia mpaka kwenye jiwe, nikaita kwa nguvu zangu zote: «Sebarenzi iko na mutoto! Muzima!» Hakorimana akapokea, akarusha mbele, na mbele wakarusha tena. Utaniuliza kama sikujua kwamba sita si tisa. Bwana Administrateur, muntu aliyekaa inje mara mbili hana akili ya kuhesabu.

Watu walifika na vibuyu vya kasiksi, pombe ya ndizi, kichwani, na mutama, na vitambaa vya kumubebea mutoto. Shangazi yangu Mukandayisenga, ambaye miguu inamuuma, alipanda camion toka Shasha na samaki wakavu wa ziwa. Walimukuta Vestine anasonga ugali, tumbo lake mbele yake. Aibu ile! Kasiksi ilikuwa imekwisha kunywewa, kuirudisha hakukuwezekana. Shangazi hakucheka kama wengine. Alinivuta pembeni, akasema mutoto ambaye hajazaliwa hatangazwi, kwamba kumutaja mbele ni kumuita aje wakati si wake. Kisha akafunga samaki wake akarudi nao Shasha.

5. Tangu siku hiyo hakuna anayeniamini. Juzi nilitangaza kwamba daraja la muto limeanguka. Hakorimana aliniuliza kutoka ng'ambo, mulima muzima ukisikia, kama limeanguka kweli ao bado liko tumboni. Camion ya kabichi ililala ndani ya maji. Kabichi zilionekana zinaelea mpaka chini kabisa ya bonde, na mwenye camion ananitafuta mimi, hatafuti Korea.

6. Hili ni fupi. Silali. Kama shangazi alisema kweli, basi ni kinywa changu mimi mwenyewe kimemuharibia mutoto njia. Vestine akipita karibu yangu anashika tumbo.

7. Vestine amesoma kipande cha juu cha barua hii, akasema ni «chungnun sori». Godelieve anafundisha kwamba hiyo ni sauti ya kufa, maana yake malalamiko ya muntu ambaye hana kitu kinachomuuma. Ninaomba usikubali. Mimi kinaniuma.

Kwa sababu hizo, ninaomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wako.

La kwanza, état civil, ofisi ya kuandika wanaozaliwa, imuandike mutoto wangu kwamba alizaliwa Jumanne ile niliyotangaza. Kapita wa Serikali akisema uongo, ni Serikali imesema uongo, na kumurekebisha mutoto mumoja ni rahisi kuliko kurekebisha Serikali. Jina liachwe wazi. Nafasi ya muvulana ao musichana iachwe wazi pia, hatutagombana.

La pili linatoka ndani ya la kwanza. Akikwisha kuandikwa, mutoto atakuwa raia, na raia akiitwa lazima afike. Kwa hiyo ninaomba umutumie convocation, yenye muhuri, yenye kumuamuru afike mwezi wa nane, si mbele, muzima, akilia kwa nguvu. Nimeona watu wakubwa, wenye ng'ombe wengi, wanatetemeka mbele ya muhuri wako. Mutoto hatakuwa na kichwa kigumu kuliko wao. Convocation nitaisoma mimi mwenyewe karibu na tumbo, kila jioni, kwa sauti ya kiasi.

La tatu, Masela Lusia, katarumbeta kake, Godelieve, na neno sori pamoja na jamaa yake yote, warudishwe Walikale. Kule miti ni mingi, sauti haiendi mbali. Na haitawaumiza, wamekwisha kuzoea: Michel, dereva anayepita Hombo kwa njia ya Walikale, anasema hata ba mama wa soko la kule wakisikia injini yake inakohoa kwenye mulima wanasema sori na kumuandalia ndizi. Wanaipenda. Basi wakae nayo.

Usipofanya hivyo, nitalazimika kuacha kazi ya kutangaza, na amri zako zitabaki Masisi zikisomwa na wale wanaoziandika.

Umusalimie Madame, na watoto wote wa nyumba, na karani, na polisi wa mulango ambaye mara ya mwisho aliniacha kwenye mvua, ninamusalimia hata yeye. Ukipita Burungu, umusalimie pia muzee Hakorimana, juu mimi na yeye kwa sasa tunasemeshana kwa kazi tu.

Ninabaki chini ya amri yako na juu ya jiwe langu,

Sebarenzi Léonard,
kapita

N.B. Camion ya kupeleka barua hii imechelewa, njo maana nimepata nafasi ya kuongeza maneno haya.

Leo asubuhi Masela alituma kuniita. Nilikwenda na hasira zangu zote, na barua hii mufukoni ili nimusomee usoni. Hakuniachia nafasi. Alinikamata shingo, mimi kapita, akaniingiza ndani mahali ambapo mwanaume haingii, akaniinamisha, akaweka katarumbeta kwenye tumbo la Vestine na sikio langu juu yake. Mwanzo sikusikia kitu. Nikaanza kutoka jasho. Masela akanisukuma kichwa kidogo upande wa kushoto.

Bwana Administrateur, inapiga mbio! Inapiga kama muntu anayepanda mulima anakimbia na hachoki! Nilimuuliza Masela kama mutoto iko na homa. Akasema hapana, mutoto muzima njo anapiga hivyo. Nikamuuliza kama wale wawili wa kwanza nao walikuwa wanapiga hivyo. Akaniambia wale hakuna muntu aliyewasikiliza. Nilitoka inje nikalia, na sioni haya kuiandika.

Kwa hiyo futa namba zote, toka moja mpaka saba, na yale maombi. Masela asiondoke. Asiende hata Kitchanga kununua chumvi mpaka mwezi wa nane upite. Kama ni chumvi nitaileta mimi. Wakitaka kumurudisha Walikale, waniandikie mimi kwanza, nitawajibu kutoka juu ya jiwe na watanisikia bila barua. Ile convocation tu, kama karani amekwisha kuipiga muhuri, uitume, haidhuru.

Masela aliniacha nisikilize mara moja tu, juu ba mama wengine walikuwa wanangoja. Basi nimerudi kwenye mustari na Vestine, nyuma kabisa, ili nisikilize tena, na haya ninayaandika nimesimama, karatasi juu ya ukuta. Ba mama wote wananigeukia na matumbo yao wanacheka, na Godelieve anauliza kwa kelele mimba ya kapita iko na miezi mingapi. Waache wacheke. Mbele yangu amebaki mama mumoja.