Mate ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa maabara anatafuta msaidizi. Ama mimi, ama Bi Taratibu wa meza ya jirani, anayevaa glavu kana kwamba anavishwa pete. Kazi ya kutupima imefika: uvimbe wa marehemu mama mmoja, uliohifadhiwa miaka mingi ndani ya nta. Ukatwe vipande vyembamba, seli zichomolewe kwa sindano chini ya hadubini, zipimwe vinasaba. Nimejitolea kabla mkuu hajamaliza kusema. Nusu ya uvimbe kapewa Bi Taratibu, aiweke akiba. Shauri yake.

Binti wa marehemu anasubiri koridoni. Kaniambia, "Kaka yangu, nataka kujua tu kama nimeurithi ugonjwa huu. Nina watoto."

Alhamisi, 6 Juni
Barakoa inatia miwani ukungu, nimeivua. Glavu zinateleza, nimezivua pia. Seli ziling'ang'ania sindano, nikazipuliza kidogo ziingie kichupani. Nimemaliza kabla ya chai. Nani kama mimi?

Jumatatu, 10 Juni
Majibu yametoka. Marehemu mama ni mwanamume.

Nimemweleza mkuu kwamba huenda nta imezeeka. Akasema kuna mwanamume kachafua sampuli. Wanaume wote tumepewa vichupa: tuteme mate nyumbani asubuhi, tulete yalinganishwe.

Jumanne, 11 Juni
Nimemwamsha kaka, nikamwomba ateme. Akauliza ya nini. Nikasema bahati nasibu. Katema kwa moyo wote.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeitwa. Mkuu, kwa upole wa kutisha, kasema mate niliyoleta si ya mchafuzi, ila ni ya ndugu yake wa tumbo moja. Akauliza kama nina ndugu. Nikakiri ninaye kaka, na huenda aliingia maabara kupitia dirishani.

"Ghorofa ya tatu?" akauliza.

Bi Taratibu alikwisha kuchomoa seli kutoka nusu yake, polepole, na majibu ni safi. Mama hakuwa na kinasaba cha kurithisha, kwa hiyo binti hakurithi. Nimemwona koridoni akilia kwa furaha begani mwa Bi Taratibu, na cheo kimeenda bega hilohilo. Mimi ni wa kuosha vioo sasa.

Nimejichunguza kwa makini. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mtu wa damu yangu. Safari nyingine nitaomba mate ya shemeji.