Mmepotea, Hapa Hakuna Msemaji

Jumapili, 10 Agosti

Watu wa Gikondo wote wanaisema vibaya hii hadithi. Vibaya kabisa! Eti Munyakazi haitwi tena kwenye harusi kwa sababu anaongea mpaka chakula kinapoa. Uongo mtupu! Ukweli nauandika mimi, Munyakazi mwenyewe. Shule niliiona kwa dirisha tu, lakini herufi zilinifuata nyumbani.

Mimi iko msemaji wa gusaba. Wakwe wakija kuomba msichana, mimi nakaa upande wa msichana. Nawabania, nawachokoza, nasifu ng'ombe wa mahari mpaka ng'ombe mwenyewe anaona haya. Kuna mgeni mmoja wa Ubelgiji, alinisikia kule Kagarama, akalia machozi. Ubelgiji!

Sasa siku hizi watu hawaulizi wazee. Wanauliza simu. Na ukiuliza simu, nani anatoka juu? Twagirayezu, msemaji mwenzangu! Vichekesho vyake vyote alivisikia kwangu, na bado anavisahau katikati.

Nikaenda kwa Béatha, yule mama wa fotokopi jirani na gereji. Ndiye alinitengenezea website zamani, tukaisahau. Akanitafuta kwenye Google, akashuka na orodha. Tukapita wenye gauni, tukapita wapiga picha, tukapita muuza keki. Akasema, muzee, wewe uko kule ambako hata Google yenyewe inaogopa kwenda peke yake. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumatatu, 11 Agosti

Habari ya moto! Mama Mukabalisa wa Kagarama anaozesha binti Jumamosi, na msemaji wao koo limekauka, sauti hakuna. Familia ilikulia Uganda, wazee wa hapa hawawajui. Mama kasema kanisani kwamba Alhamisi watafungua simu, wachague huko.

Wakimchukua Twagirayezu, mimi nitakaa kwa wageni. Kiti cha plastiki, Fanta mkononi, nikimsikiliza akisema maneno yangu. Bora nife! Hapana, bora nisife. Atakuwa msemaji hata kwenye mazishi yangu.

Béatha kasema Google inasoma maneno, kwa hiyo tuweke yale watu wanayotafuta. Nikasema andika "msemaji wa gusaba Kigali". Akaandika. Nikasema tena. Akaandika. Nikasema tena, tena, tena, kwa mahadhi, kama nasifu ng'ombe. Akanyanyua mikono. Eti Google ikisoma hii itadhani nina homa.

Wivu tu.

Jumanne, 12 Agosti

Leo ni nyota! Béatha anasema wateja walioridhika waandike maoni. Walioridhika na mimi wengi ni marehemu. Nikashuka Sonatubes kwa wale madereva wa taxi-moto, pikipiki za abiria, nikawanywesha chai na mandazi, nikawaambia andikeni mema tu, mema yoyote. Wakaandika palepale. Nyota zikamiminika! Nikarudi kichwa juu kama bwana arusi.

Béatha akanisomea. Mmoja kaandika kwamba muzee Munyakazi haendeshi kwa fujo. Mwingine kaandika kofia yake hainuki. Mwingine, alinifikisha Remera salama, anajua njia za mkato.

Yewe! Wameandika mema wanayoyajua wao.

Jioni simu ikalia. Nikasafisha koo. Mtu anauliza nitafika saa ngapi, ana mkungu wa ndizi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeamka na akili mpya kabisa! Kosa ni hii website kujipendekeza. "Karibu, karibu." Familia gani yenye heshima inafungua mlango hivyo? Siku ya gusaba, wageni wakifika, tunakataa kwanza! Tunawaambia mmepotea njia, hapa hakuna msichana, alishakwenda utawani, jaribuni kwa jirani. Hapo ndipo utamu unaanza. Wanaomba, tunakataa, wanaomba tena, makofi, vigelegele!

Nikamwambia Béatha futa yote. Andika: "Mmepotea. Hapa hakuna msemaji. Munyakazi aliokoka, sasa ni pasta. Nendeni kwa Twagirayezu." Na hilo jina aliunganishe, mtu akiligusa afike kwenye website ya huyo bwana moja kwa moja. Kukataa lazima kunoge.

Béatha akaniangalia kama nyama iliyoanguka chini. Akasema, muzee, Google haijui utani. Na kila ukimwelekeza mtu kwa Twagirayezu, unampandisha Twagirayezu. Nikamjibu, mama, Mnyarwanda akikataliwa haondoki, anavuta kiti!

Kaandika huku anatikisa kichwa. Kesho atanisalimia kwa mikono miwili.

Alhamisi, 14 Agosti

Simu kimya. Ile ya ndizi tu, imerudi.

Jioni Twagirayezu katuma ujumbe. Ananishukuru sana, eti amepanda juu zaidi, na familia ya Kagarama imemchukua. Ameniita mzazi. Mzazi! Sikula.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Mukabalisa kanipigia mwenyewe! Nikajua hapa sasa ndipo anaomba mara ya pili. Nikakaa vizuri. Nikamwambia kwa sauti ya heshima kwamba amepotea, hapa hakuna msemaji.

Akasema ndiyo, Pasta, tumesoma.

Akanishukuru kwa roho nzuri, maana ni nadra mtu kumsifu mwenzake wa kazi moja hivyo. Msemaji wamempata. Sasa wanaomba Pasta aje kesho abariki chakula.

Mimi pasta? Ulimi ulitaka kukataa, rwose, kweli kabisa. Nikauliza tu, kutakuwa na maikrofoni?

Akasema ipo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Twagirayezu alisema maneno yake, yaani yangu, akasahau katikati kama kawaida. Kisha wakamwita Pasta. Watu wakasimama, wakafumba macho. Nikashukuru kwa ajili ya wali. Nikashukuru kwa ndizi, nikataja na za yule bwana wa mkungu. Nikafika kwa nyama, na nyama ikanikumbusha ng'ombe. Hapo nikaachia! Nikasifu pembe, nikasifu mwendo, nikawanyima wakwe msichana ambaye walishapewa, nikawarudishia tena. Mtu akapiga kigelegele ndani ya sala! Twagirayezu akafumbua jicho moja. Nilimwona, maana na langu lilikuwa wazi.

Nilisema amina pale mwenye muziki aliponipunguzia sauti.

Jumapili, 17 Agosti

Mtaa mzima unasema chakula kilipoa. Wanaisema vibaya! Mchuzi ulikuwa na uvuguvugu.

Béatha kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa vizuri sana, nikamwambia. Tuliwakataa, bado wakaja kumwomba Pasta, kwa hiyo kukataa kunafanya kazi! Andika upya: "Mmepotea. Pasta Munyakazi hayupo. Sasa anang'oa meno." Tuone harusi zitakavyokuja.

Kasema ataandika, ila nimpe mteja mmoja wa kweli aliyeridhika, aandike maoni. Nikamtaja yule wa Ubelgiji. Akauliza jina lake. Nikakohoa. Akauliza tena.

Sawa. Yule wa Ubelgiji nilimtunga. Lakini alilia kweli, na kesho anatoa nyota tano.