Klachi Haina Kosa, Wenye Kosa ni Wanaonisalimu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,

Baada ya salamu, ambazo nakuomba uzipokee ukiwa umekaa, napinga uamuzi wenu wa kuwauzia watu wa vyuma chakavu ile mashine kuukuu ya kukatia nyasi ninayoiendesha uwanjani petu. Mmesema klachi yake ya umeme, ile inayoshika visu vizunguke, imekufa. Haijafa. Imesingiziwa. Na mkiiuza, mimi nitabaki na kazi gani mtaani hapa zaidi ya kuzeeka?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeichunguza. Betri ina nguvu, fyuzi ni nzima, waya hazijatafunwa na panya. Mwanya kati ya sahani za klachi nimeupima kwa kipande cha kadi, uko sawasawa. Nikivuta swichi, klachi inalia "ta!" na visu vinaimba. Lakini nikifika mbele ya nyumba ya fundi cherehani, injini inanguruma na visu vimelala.

2. Mke wangu alinitazama dirishani asubuhi nzima, kisha akapaza sauti: "Wewe mzee, acha kuifumua hiyo mashine! Ni wewe unayeinuka!" Ni kweli. Chini ya kiti kuna swichi. Dereva akinyanyuka, umeme wa klachi unakatika, asije akaanguka akakatwa miguu. Nami siwezi kumsalimu mtu mzima nimekaa. Tangu niondoke kwetu nimepoteza nyumba, vitabu, na karibu wote waliojua jina langu la utotoni. Kuinuka sikupoteza.

3. Watoto hawana shida. Shikamoo zao nazipokea nimekaa na visu vinaendelea. Tatizo ni watu wazima, na hasa nesi mstaafu wa nyumba ya kona, aliyenizidi umri na asiyejua kusalimu kwa mkato. Anauliza habari za mgongo, za mke, za wakwe, hata za usingizi. Nainuka, nakaa, nainuka tena. Klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, mpaka inapata moto na kugoma kwelikweli. Hapo ndipo ninyi mnapotangaza msiba.

4. Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku salamu siku za kukata nyasi. Anayepita ageukie ukuta. Wakaidi wapitie uani. Nesi asafirishwe kwa wanawe mpaka nyasi zikome kuota.

Nisalimie wajumbe wote, mkeo, mama mkwe wako na mlinzi wa lango. Wasalimie wewe, ili nisiinuke.

Wako katika nyasi ndefu,
Mzee wa Mashine

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, mke wangu aliwaomba majirani wanyamaze, tujaribu. Wakatii. Klachi ilishika tangu langoni hadi ukuta wa mwisho, haikulegea hata mara moja. Fundi cherehani alijifanya anatafuta sindano. Nesi alipita kimya, ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosana nami. Nyasi zikaisha mapema. Nikazima injini, nikabaki juu ya kiti, sina sababu ya kuinuka. Basi iuzeni, Mwenyekiti, hata leo. Mnipe fyekeo. Nikiwa na fyekeo nitakuwa nimesimama tayari.