Ombi la Cheti cha Asili kwa Mume Anayenukia

Kwa Meneja,
Ghala la Mitishamba ya Kusafirishwa Nje.

Ndugu Meneja,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mkaushaji wako wa ghala la pili, yule ambaye wenzake humwita Marashi. Naandika nikiwa na akili zangu timamu, ila ndoa yangu ndiyo iliyo mahututi. Jamani, nisikilize.

1. Jumatatu uliniweka kwenye asumini. Nikarudi nyumbani nanukia kama bwana harusi. Mke wangu akaninusa shingoni, akaguna, akanipa mgongo.

2. Jumanne ukanihamishia kwenye mlangilangi. Nikajitetea kwamba ni kazi. Akasema jana harufu ilikuwa nyingine, kwa hiyo hawara zangu ni wawili. Tangu hapo nalala sebuleni mkekani, mimi na paka.

3. Jumatano, waridi. Wakawa watatu, akamwita mama yake. Mama mkwe naye akaninusa! Ndugu Meneja, umewahi kunuswa na mkweo? Akatamka kwamba lisemwalo lipo, na linukialo ndilo kabisa.

4. Sasa tazama uonevu. Gunia la mchaichai halivuki lango bila cheti cha asili, cheti cha afya, mhuri na lakiri. Huko bandarini hakuna anayeliuliza lilikuwa kwa nani. Mimi mwenye mke na watoto natoka kila jioni mikono mitupu. Gunia linanishinda hadhi!

Kwa hiyo naomba kila jioni mkaguzi aninuse, aandike harufu na inakotoka, anigonge mhuri kwenye paji la uso, anifunge kwa lakiri kiunoni, ambayo mke wangu peke yake ataruhusiwa kuikata. Ikishindikana, nipakieni na shehena, huenda wanunuzi wa ng'ambo wataniamini. Hilo nalo likishindikana, nihamishie kwenye vitunguu saumu leo leo. Hakuna hawara anayejipaka kitunguu saumu.

Nisalimie shemeji, mkaguzi, walinzi wa langoni na bibi wa mizani.

Ni mimi mtiifu wako, ninayenukia bila hatia,
Mkaushaji, Ghala la Pili

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema wivu hana, yeye na mama yake walikuwa wakinitania tu, kwani anajua fika hakuna mwanamke mwingine atakayenivumilia. Sebuleni alinipeleka kwa sababu nakoroma. Basi puuza yote hapo juu. Ila kama humo ghalani mna dawa ya kukoroma, chonde chonde, msiisafirishe yote.