Msimamizi wa Kona na Simu Zake za Upepo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua. Kona ya juu ya kijiji imemeguka tena. Sasa linapita gari moja tu, tena kwa kujibana. Wa juu hamwoni wa chini, wa chini hamwoni wa juu, na pembeni ni korongo. Jana lori la viazi limekutana na Noah ya abiria uso kwa uso. Matusi yaliyotoka hapo siyaandiki, mimi ni msharika.

Kamati ya barabara imekaa. Mwenyekiti ni mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, baba yake Klara. (Klara! Anashona nguo pale senta. Juzi amenipimia suruali nikasahau kupumua.) Mzee amesema wanatafuta msimamizi wa kona, wa kuzuia magari huku na kuruhusu kule mpaka barabara itengenezwe. Kisha akanivuta pembeni. Akasema, Abrahamu, najua unachokifuata kwangu kila siku kwa kisingizio cha kuazima jembe. Binti yake hamtoi kwa mtu asiye na kazi inayojulikana. Niipate kona, ndipo niongee.

Kwa hiyo nikiipata kona nimempata Klara. Rahisi!

Tatizo ni Kornelio. Naye anaitaka kazi. Kijana mtulivu, shati limechomekwa, hana hata kasoro ya kumsengenya nayo. Ameiambia kamati kwamba kwenye ukungu bendera hazifai, zinatakiwa simu za upepo. Ameomba leseni ya masafa kwa jina la kamati tangu mwezi wa tatu, ufa ulipoanza kuonekana. Atanunua simu zilizothibitishwa na mamlaka ya mawasiliano tu. Kwa sasa anasubiri jibu.

Anasubiri! Mimi sisubiri.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshuka gulioni Soni kwa Ismaili, muuza betri, chaja na kila kisicho na risiti. Simu za upepo anazo. Aina mbili. Ya kwanza ina kibandiko cha kuthibitishwa, inavumilia mvua, betri yake inakaa siku nzima. Ya pili haina hayo yote lakini ina taa ya kijani inayowaka-waka. Nimechukua tatu za taa.

Nimemuuliza zinafika wapi. Akasema boksi limeandika mbali sana. Nikauliza, hata penye milima? Akasema boksi halikutaja milima. Nikauliza leseni. Akacheka, akasema kwani kuongea nako kunataka leseni? Huyu mtu ana akili. Chaneli amenitafutia mwenyewe. Akasikiliza kidogo, kimya kabisa, akasema humu hamna mtu.

Nimegawa. Moja yangu, nitakaa upande wa chini. Moja ya rafiki yangu Jafari, upande wa juu. Ya tatu nimempelekea mzee Nathanaeli nyumbani, aisikilize kazi inavyokwenda huku amekaa kwenye kiti chake. Mzee ameipenda. Ameuliza leseni iko wapi. Nimejibu iko njiani. Si uongo, ya Kornelio iko njiani. Akasema basi, nianze kesho kwa majaribio, na Ijumaa kamati itaamua.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya kwanza kazini! Koti la mvua, filimbi, simu mkononi, taa inawaka. Likafika lori la kabichi. Nikabonyeza kitufe, nikamuuliza Jafari kama juu kupo wazi. Mpango ulikuwa ajibu ndiyo au hapana.

Lakini mzee Nathanaeli yuko hewani. Jafari atampitaje mzee bila shikamoo? Akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba, akauliza hali ya mama. Mama ana mafua. Mzee akatoa pole, akauliza ng'ombe. Ng'ombe amezaa. Dume au jike? Hapo wakahamia Kishambaa, na habari ya ng'ombe ikishaingia Kishambaa haitoki leo. Dereva akazima injini. Akashuka. Akala mahindi ya kuchoma.

Na simu hizi akiongea mmoja wengine wote mnangoja. Nilibonyeza nikabonyeza, wapi!

Mchana yakawa makubwa zaidi. Mama mmoja kwenye basi la juu amemwomba Jafari simu amsalimie mdogo wake aliyepanda lori la chini. Nikamtafuta mdogo wake. Wakasalimiana vizuri sana, ukoo mzima. Abiria wengine wakapanga foleni.

Kornelio amekuja na mwavuli. Ameniambia kwa upole kwamba hewani salamu hukatwa. Unataja jina lako, unasema neno lako, unaachia kitufe ili mwenzako ajibu. Nikamuuliza kama ni yeye atakayemwambia mzee Nathanaeli akate salamu. Akasema ameshamwambia, na mzee amekubali. Mtu huyu anachosha.

Alhamisi, 8 Mei

Ukungu. Baridi ya kuuma. Kidole gumba kimekufa ganzi kwa kubonyeza. Ndipo nikapata wazo, langu mwenyewe! Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakifunga juu ya kitufe, kikabaki kimebonyezwa. Simu nikaitia mfuko wa kifuani, mikono nikaificha kwenye koti. Sijui waliozitengeneza hawakuliona vipi hili.

Matokeo: utulivu mtupu. Hakuna salamu, hakuna ng'ombe. Natoa amri, hakuna anayenibishia. Kumbe watu walikuwa wanataka tu kiongozi. Nimeuliza kama juu kupo wazi, kimya. Nikaelewa kwamba kupo wazi.

Magari yalikuwa machache, basi nafasi hiyo nimeitumia. Nimefanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Klara. Kwa sauti, maana hapakuwa na mtu karibu. Nimemwambia macho yake yananitoa usingizi. Nimemwambia tangu anipimie suruali ile sitaki kuvaa nyingine. Nikarudia na "mpenzi", nikarudia bila "mpenzi". Nikaigiza na mzee Nathanaeli anavyokubali. Nikamwigiza pia anavyokoroma kanisani mahubiri yakiwa marefu, hiyo naiweza kuliko mtu yeyote. Nikaimba kidogo. Nikamwomba Mungu ampe Kornelio matubwitubwi, yasiwe makali, ya kumlaza tu mpaka kamati iamue.

Dosari ni moja. Nimeliruhusu lori la kabichi lipande kumbe basi linashuka. Wamekutana katikati ya kona, tairi la lori linachungulia korongoni, abiria wanapiga mayowe. Niliogopa kweli. Kornelio ndiye aliyeliongoza lori kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Magunia ya kabichi yaliporomoka na sasa kima wa bondeni wana sherehe. Jafari alikuja mbio, anahema, anadai ameniita mpaka sauti imemkauka. Nimemjibu mimi sikusikia kitu, na aache kusinzia kazini.

Klara alipita jioni. Aliponiona tu akafunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Analia! Amefikiria ningeweza kufa pale. Nimekuja nyumbani nikitembea juu juu.

Ijumaa, 9 Mei

Heri nisingeamka.

Asubuhi amekuja askari wa msitu, mtu mzima, sare na buti. Nimemwamkia shikamoo. Ameitikia taratibu, akaitazama suruali yangu, akauliza kama ndiyo ile niliyopimiwa.

Sikuelewa. Akanielewesha. Chaneli aliyonitafutia Ismaili ni yao, wana leseni nayo. Ilikuwa kimya Jumanne kwa sababu wao hawabonyezi mpaka wawe na la kusema. Na kitufe kikibaki kimebonyezwa, yule mwenye simu anasikika yeye tu, na yeye hasikii mtu. Jana mgeni mmoja ameteguka mguu msituni. Wanaita gari, wananipata mimi. Wanaita tena, wananipata bila "mpenzi". Wakambeba mgongoni mpaka barabarani, utelezi wote ule, huku simu inaimba. Akasema mguu ule ungekuwa ugonjwa mkubwa zaidi, leo tungekuwa tunaongea mengine. Simu zangu amezichukua, nitaitwa kujieleza kwa kutumia masafa bila leseni.

Halafu nikaikumbuka simu ya tatu.

Mzee Nathanaeli alikuwa anasikiliza. Siku nzima. Mama yake Klara yupo, Klara yupo, na kwaya ilikuwa imefika kwa chai. Walisikia yote. Walisikia kukoroma. Jafari anasema mwalimu wa kwaya ameomba kurudiwa. Nikakaa pale pale kwenye tope.

Leseni ya kamati imetoka leo. Kazi amepewa Kornelio, na simu zenye kibandiko ameshazinunua. Nimesimama mbali nikamsikiliza. Kornelio, chini, lori moja. Jafari (msaliti!), juu, wazi, lete. Basi. Gari linapita. Hakuna hata raha ya kusikiliza. Mzee Nathanaeli amesema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu anayekoroma kwa niaba yake.

Sikula. Nampenda Klara kweli. Katika yote niliyosema jana, hilo tu halikuwa mazoezi.

Jumamosi, 10 Mei

Ameniita! Nimekwenda senta mbio. Klara amesema Alhamisi alicheka mpaka akajichoma sindano. (Basi yale mabega!) Amesema maneno yenyewe yalikuwa mazuri, hasa bila "mpenzi". Amemsihi baba yake tangu jana, na mzee amekubali kunisikiliza mara moja, hii ya mwisho. Kesho baada ya ibada, nyumbani kwake, mbele ya mama. Niombe radhi kwa kukoroma, kisha niseme ninachotaka, kwa kinywa changu mwenyewe. Nikiongea kama mtu mzima, milango iko wazi. Nikileta vituko, basi tena. Klara alivyolisema hilo hakuwa anacheka. Amenishika mkono. Amesema usiniangushe, Abrahamu.

Siwezi kumwangusha! Ndiyo maana sikukaa bure. Mimi najijua. Mbele ya mzee Nathanaeli ulimi wangu hufungika, nitaishia kuazima jembe. Nimeshuka Soni kwa Ismaili. Anacho kidude kipya, kidogo kama punje ya hindi, kinaingia sikioni hakionekani. Jafari nimemsamehe. Atakaa nyuma ya banda la ng'ombe la mzee na kimaikrofoni chake, ananisomea maneno polepole, mimi nayatamka. Kwa kinywa changu mwenyewe, kama mzee alivyotaka.

Leseni? Ya maneno ya robo saa!

Ila safari hii nimekuwa makini. Nimembana Ismaili kuhusu masafa mpaka ametoka jasho. Ameniapia kwamba msitu haumo kabisa. Masafa haya yanatumiwa na maikrofoni ya kanisa tu, kanisa lenyewe likiwa hapo mbele ya nyumba ya mzee, na ibada itakuwa imekwisha. Washarika wote watakuwa nje wanasalimiana chini ya spika, hakuna atakayejua lolote.